Sauti Imealikwa, Mwenye Sauti Kaachwa Mlangoni

Wako wazee wenzetu wanaoshikilia kwamba muziki wa michezo ya video ni kelele za mashine tu, na kwamba mwalimu anayeutaja darasani anapoteza wakati wa wanafunzi. Wako pia vijana wanaojibu kwamba muziki huo ni mzuri, wanaupenda, na hapana haja ya kuuliza umetoka wapi wala umepigwa na nani. Makundi haya mawili hutazamana kwa dharau, lakini kwa hakika yamekwisha kubaliana bila kujua. Yote mawili yameamua kwamba muziki huo hauna mwenyewe.

Sisi twaupinga uamuzi huo. Twasema kwamba muziki huo una wenyewe. Kwamba sehemu yake isiyo ndogo ni jazi. Kwamba jazi ni kazi ya watu Weusi wa Marekani, wajukuu wa Waafrika waliouzwa. Na kwamba wengi wa watengenezaji wa michezo hiyo wameialika sauti ya watu hao na kuwaacha wenyewe mlangoni. Hilo si jambo dogo, wala si la Marekani peke yake. Taifa linalowaacha watoto wake waamini kwamba sauti haina mwenyewe litafika siku lisiyajue hata majina ya waimbaji wake.

Fikira hizi zilituanza jioni moja nyumbani. Tulikuwa sebuleni tukipitia majalada tuliyotoka nayo ofisini, mara tukasikia tarumbeta chumba cha pili. Haikuwa tarumbeta ya kubahatisha. Mpigaji aliishika noti, akaipinda, akaiachia, na saksafoni zikampokea kama kiitikio kinavyompokea kiongozi wa ngoma. Tulidhani mpwa wetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amefungua redio akapata bendi ya zamani. Tulipoingia tulimkuta ameshika kidude cha kuchezea kwa mikono miwili, na katika kioo cha televisheni kikombe chenye miguu kikipigana na ua lenye uso wa hasira. Tukamwuliza, "Nani anayepiga tarumbeta hiyo?" Akatujibu kwa adabu, bila kugeuza macho, "Mjomba, hakuna anayepiga. Ni gemu."

Hakuna anayepiga. Ni gemu. Maneno hayo manne ndiyo tunayopigana nayo katika kurasa hizi.

Kumbe wapigaji walikuwapo. Mchezo ule unaitwa Cuphead, nao ulitolewa mwaka 2017 na Studio MDHR ya Kanada. Picha zake zilichorwa kwa mkono, kwa mtindo wa katuni za Marekani za miaka ya 1930. Muziki wake ulitungwa na Kristofer Maddigan, ukapigwa na wanamuziki hai waliokusanywa wakawa bendi kubwa ya tarumbeta, tromboni, saksafoni, piano na ngoma. Mwaka 2019 rekodi ya muziki huo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za jazi ya jarida la Billboard la Marekani. Basi mpwa wetu alikuwa akisikiliza watu wenye pumzi, midomo na vidole, waliojifunza kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini kwake hakuwapo mtu.

Tuwajibu kwanza wazee wenzetu, kwa kuwa heshima yatutaka tuanze nao. Wasemao kwamba muziki huu ni kelele wana sehemu ya ukweli kwa habari ya mwanzo wake. Mchezo wa Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, ulikuwa na noti nne tu, zikishuka na kurudiwa, zikizidi kasi kadiri hatari ilivyozidi. Ule haukuwa wimbo. Yalikuwa mapigo ya moyo wa mtu mwenye hofu.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine iliyoitwa Famicom. Chombo chake cha sauti kilikuwa na njia tano tu: mbili za kuchukua wimbo, moja iliyotumika zaidi kwa besi, moja ya mlio wa kukwaruza uliofanywa kuwa ngoma, na moja ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kwa vyombo hivyo duni Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985 ambao wote mzima, picha na sauti na kila kitu, ulienea katika kilobaiti 40. Picha moja inayopigwa kwa simu ya leo huzidi hapo mara nyingi. Hata hivyo mdundo wa wimbo ule una mkatizo, huangukia mahali ambapo sikio halikutazamia, nao humwinua msikilizaji kitini.

Mdundo huo haukutoka katika mashine. Kondo ni mtoto wa Japani iliyoipenda jazi. Saksafoni ya Sadao Watanabe ilikuwa mashuhuri huko tangu miaka ya 1960, na mwaka 1976 zilianza bendi za Casiopea na T-Square, zilizochanganya jazi na vyombo vya umeme. Uhusiano wa bendi hizo na michezo si wa kubuni: Masahiro Andoh, mpiga gitaa wa T-Square, ndiye aliyetunga wimbo mkuu wa mchezo wa mbio za magari uitwao Gran Turismo, wa mwaka 1997. Nao muziki wa Mario, mwaka 2023, uliingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa, ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata heshima hiyo. Kelele hazihifadhiwi hivyo. Hoja ya wazee wenzetu imekwisha.

Yabaki hoja iliyo nzito zaidi, nayo twaielekeza kwa vijana, na hasa kwa wafanyabiashara wanaowauzia. Kwani kama muziki huu ni sanaa, hapana budi tuulize ni sanaa ya nani.

Jazi ilizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani. Katika mji huo palikuwa na uwanja ulioitwa Congo Square, ambapo katika siku za utumwa Waafrika waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Jina la uwanja lasema lenyewe watu wale walitoka wapi. Wajukuu wao walizitwaa ala za Kizungu, tarumbeta na klarineti na piano, wakazifundisha kusema kwa desturi ya Kiafrika: mmoja hutangulia, wengine humjibu, na ngoma haikai kimya. Sharti la jazi ni kubuni papo hapo. Mshairi wa kwetu aliyepata kukaa katika malumbano alielewa sharti hilo bila kufundishwa. Mwenzako akikutupia ubeti, huwezi kumjibu kwa ubeti ulioutunga jana. Wamjibu kwa ule aliokulazimisha kuutafuta sasa hivi, mbele ya watu.

Lakini tangu siku ya kwanza sauti ilitengwa na mwenyewe. Buddy Bolden, mpiga kornet anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki huo mjini New Orleans, hakuacha rekodi hata moja ijulikanayo. Rekodi ya kwanza ya jazi kuuzwa madukani, mwaka 1917, ilipigwa na bendi ya Wazungu watupu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1927, Duke Ellington na bendi yake walianza kazi katika ukumbi wa Cotton Club, mtaani Harlem, New York. Harlem ulikuwa mtaa wa Weusi. Wapigaji, waimbaji na wachezaji wa ukumbi ule walikuwa Weusi. Wateja walikuwa Wazungu. Mtu Mweusi wa mtaa ule ule aliyetaka kuketi mezani na kusikiliza alikataliwa. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, na kwao hakukuwa kwao.

Msomaji ataona sasa kwa nini twasema habari ya mlango. Cab Calloway, aliyefuata baada ya Ellington kuongoza bendi katika ukumbi ule, alikuwa mwimbaji na mchezaji wa ajabu. Kati ya mwaka 1932 na 1933 studio ya katuni ya Fleischer ilimpiga picha akicheza, ikafuatisha mwendo wa mwili wake kwa kalamu, ikaugeuza kuwa zimwi la mnyama wa baharini mwenye meno marefu, na katika katuni nyingine kuwa kizuka. Sauti ilibaki yake, mwendo ulibaki wake, uso ulifutwa. Sasa rudini kwenye mchezo wa mpwa wetu. Mmoja wa maadui wakubwa katika Cuphead ni King Dice, mtumishi mkuu wa Shetani katika nyumba ya kamari. Kichwa chake ni dadu. Waliomtazama wanaujua mwili ule: ni Cab Calloway. Yapata miaka themanini na mitano imepita, na bado sauti imealikwa bila uso.

Mwaka ule ule wa 2017 wahakiki huko Marekani waliliuliza jambo hilo: yawezekanaje kurudisha katuni za miaka ya 1930 na kuacha nyuma dhihaka iliyowapata Weusi ndani ya katuni hizo? Wako waliowajibu kwamba mchezo haukuchora dhihaka yoyote, na kwamba ni picha na muziki tu. Hata sisi hatuwashitaki wachoraji wale kwa nia mbaya. Tena twakiri haki: wimbo wa King Dice uliimbwa na Alana Bridgewater, mwimbaji Mweusi wa Kanada, na jina lake linajulikana. Lakini kuifuta dhihaka si sawa na kumrudisha mtu. Ukisafisha nyumba iliyoibwa, bado hujamrudishia mwenye nyumba ufunguo.

Mchezo huo si peke yake. Kuna mchezo uitwao L.A. Noire, wa mwaka 2011, unaomwonyesha askari mpelelezi katika mji wa Los Angeles mwaka 1947. Jazi imeujaa mchezo huo. Katika mji wenyewe, mwaka ule, moyo wa jazi ulikuwa Central Avenue, barabara ya Weusi, ambako vijana kama Dexter Gordon na Charles Mingus walikomazwa. Lakini mwimbaji wa jazi aliyewekwa katikati ya hadithi, anayependwa na askari yule, ni mwanamke wa Kijerumani aliyehamia Marekani. Na nyimbo zake zilitungwa kwa ajili ya mchezo, zikaimbwa na Claudia Brücken wa Ujerumani. Hatuna ugomvi na bibi huyo, ameimba vizuri. Twauliza tu: katika mji uliokuwa na waimbaji Weusi mitaa mizima, mwandishi wa hadithi alipohitaji mwimbaji mmoja, ilikuwaje akamtafuta ng'ambo ya bahari?

Tena kuna Fallout 3, wa mwaka 2008. Hapo Washington imeteketea kwa vita vya nyuklia, na mchezaji hutembea kati ya magofu huku redio ikimwimbia nyimbo za zamani. Wanaoimba ni Billie Holiday, Ella Fitzgerald, na kikundi cha Ink Spots, wanaume Weusi waliopata sifa tangu miaka ya 1930. Nyimbo hizo zimewekwa pale zisimame badala ya Marekani ya kale, Marekani ya raha isiyojua kwamba itaungua. Kwa nani ilikuwa ya raha? Mwaka 1938 Billie Holiday aliimba na bendi ya Artie Shaw, bendi ya Wazungu, na katika hoteli moja ya New York alitakiwa apande kwa lifti ya mizigo asionekane na wageni. Aliimba ndani ya nyumba ambamo hakuruhusiwa kuingia kwa mlango. Leo mchezo unamsimamisha awe sauti ya enzi ya furaha iliyopotea. Hilo twaliita kuigeuza historia juu chini, na mtoto anayecheza hapewi hata neno moja la kumwonya.

Wafanyabiashara hao wamefanya jambo jingine pia. Wameifanya jazi kuwa alama. Katika mchezo wa Mafia, wa mwaka 2002, gitaa la Django Reinhardt na sauti za ndugu wa Mills Brothers husindikiza magari ya majambazi. Imekuwa kama kanuni: saksafoni ikilia, jambazi yu karibu, piano ikilia usiku, hapakosi moshi wa sigara na kamari. Ni kweli jazi ilipigwa vilabuni, na vilabu vingine vilikuwa vya majambazi. Wapigaji walikwenda palipokuwa na mshahara. Lakini jazi hiyo hiyo ilisimama mahali pengine. Mwaka 1960 Max Roach, mpiga ngoma, alitoa albamu nzima juu ya uhuru wa Mtu Mweusi, na ndani yake umo wimbo wa kuililia Johannesburg. Mwaka 1963 wasichana wanne Weusi waliuawa kwa bomu kanisani, mjini Birmingham, jimbo la Alabama. John Coltrane akarekodi ombolezo akalipa jina la jimbo hilo. Kijana aliyeijua jazi kwa njia ya michezo tu ataijua kuwa muziki wa wahalifu. Hatajua kwamba ulikuwa pia muziki wa waliokuwa wakiwindwa.

Twaja sasa kwenye hoja ambayo kwetu sisi watunzi ina uchungu wa pekee. Miongoni mwa sanaa zote zilizobuniwa na mwanadamu wa siku hizi, mchezo wa video ndio unaofanana zaidi na jazi. Filamu haikungoji, ukilala itaendelea. Mchezo hukungoja. Ukienda kushoto hukujibu hivi, ukienda kulia hukujibu vile. Hapo ndipo jazi ingepata nyumba yake ya kweli, kwa sababu jazi nayo ni kujibizana. Badala yake, katika michezo mingi, jazi hurekodiwa mara moja kisha huzungushwa. Mpiga saksafoni alibuni papo hapo siku moja, naye anafanywa kurudia ubunifu ule ule mara mia, hadi mchezaji atakaposhinda au kuchoka. Mtu aliyesifiwa kwa kutorudia amefungwa katika kurudia.

Wala tusiambiwe kwamba ufundi haukuruhusu. Mwaka 1991, katika mchezo wa Monkey Island 2 wa kampuni ya LucasArts, Michael Land na Peter McConnell walitumia mfumo walioubuni wenyewe wa kuufanya muziki ubadilike kufuata mwendo wa mchezaji, bila kukatika vibaya. McConnell huyo ndiye aliyetunga baadaye muziki wa Grim Fandango, mchezo wa mwaka 1998, akichanganya jazi na muziki wa Meksiko, na kuwaita wapigaji hai waupige. Njia ilikuwapo tangu zamani. Wachache ndio waliotaka kuipita.

Mwaka 2019 ulitoka mchezo uitwao Ape Out ulioipita njia hiyo hadi mwisho. Ndani yake ngoma za jazi zilizotayarishwa na Matt Boch humfuata mchezaji hatua kwa hatua: akienda pole, hunong'ona; akikimbia, huchachamaa; akimpiga adui, toazi hulia palepale. Tulipousikia tulifurahi kwa dhati. Hatimaye, tukasema, ngoma inajibu! Kisha tukatazama ni nani anayejibiwa. Ni gorila anayevunja kizimba na kuwatupa watu ukutani. Hatudai kwamba waliokusudia walikusudia tusi. Gorila yule anapigania uhuru wake, na mchezaji yu upande wake. Lakini aliyesoma historia hawezi kusahau kwamba katika Cotton Club muziki wa Ellington ulitangazwa kwa wateja kuwa muziki wa porini, na ukumbi ukapambwa ufanane na pori. Ngoma ya Mtu Mweusi na mnyama wa mwituni vilikwisha kufungwa kamba moja zamani. Mwenye kuvikutanisha tena sharti ajue ameshika nini mkononi.

Hapa tutapingwa. Tutaambiwa: muziki hauna mpaka. Mjapani ameupiga, Mkanada ameupiga. Tena ninyi Watanzania mliziita bendi zenu Jazz, na hamkuomba ruhusa Harlem. Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyobadili majina mara kadhaa hata ikawa Msondo Ngoma. Bendi hizo zilichota kwa Wakuba na kwa Wakongo kuliko kwa Wamarekani. Jazi zilichukua jina.

Lakini yako makopo na yako makopo ya namna nyingine: kukopa si kuiba, na tofauti ni moja, mkopaji humtaja mwenye mali. Bendi zetu zilipolichukua jina hilo, ziliweka watu wake mbele. Mbaraka Mwinshehe alisimama jukwaani na gitaa lake, na waliocheza walimjua kwa sura na kwa jina. Hakuna aliyesema hakuna anayepiga. Hata hivyo na sisi tuna deni. Hatukuwaambia watoto wetu jina hilo lilitoka kwa nani. Na katika nyimbo zilizorekodiwa na Radio Tanzania, ambazo tulilelewa nazo, wangapi miongoni mwetu wanaweza kumtaja mpiga besi, au mpiga saksafoni? Tusimcheke mpwa wetu kabla ya kujipima wenyewe.

Tena jambo hili limetufikia katika lugha yetu. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza uliotoka katika mchezo wa video kuipata. Sisi wenye lugha tulijivuna, na haikuwa vibaya kujivuna. Wimbo ni mzuri na mtunzi hakuudhihaki. Lakini fungueni mchezo wenyewe. Humo mchezaji huchagua taifa la kuliongoza, na mataifa yalikuwa 18. Wamo Wamisri, wamo Wamali. Waswahili hawamo. Lugha yao inaimba mlangoni, na ndani hawana kiti. Baadaye, mwaka 2018, katika nyongeza ya mchezo wa sita, Kilwa Kisiwani iliingizwa, lakini iliingizwa kama jengo la fahari ambalo taifa lolote laweza kulijenga. Mji umo, waliouishi hawamo. Aliyedhani habari ya Cab Calloway haimhusu na aifikirie Kilwa.

Basi tufanye nini? Hatusemi michezo ipigwe marufuku. Marufuku ni silaha ya aliyeshindwa kufundisha. Hatusemi jazi ipigwe na Weusi peke yao. Hilo lingeua sanaa yenyewe. Twadai mambo mawili. Kwa watengenezaji, wakiwamo vijana wetu ambao wameanza kubuni michezo yao hapa nchini: mkiialika sauti, mwalikeni na mwenyewe. Mpeni jina, mpeni uso, mpeni malipo, na mpeni nafasi ya kujibu. Kwa walimu: mwaka 1962 nchi yetu iliunda wizara ya utamaduni wa taifa kwa sababu ilitambua kwamba mtu asiyejua vyake ni rahisi kuuziwa vyovyote. Kazi hiyo haikwishi katika ngoma na mashairi ya vitabuni. Mtoto anasikiliza gemu saa nyingi kuliko anavyotusikiliza sisi. Chukueni kipande cha muziki wa mchezo anaoupenda, funikeni kioo, na mwulizeni maswali matatu. Ni nani anayepiga? Aliyeuanzisha muziki huu ni nani? Na katika picha, watu hao wako wapi?

Sisi tulimwuliza mpwa wetu. Swali la kwanza lilimshinda, la pili alibahatisha, la tatu lilimnyamazisha. Majuma kadhaa baadaye alitwita chumbani. Alikuwa amemaliza mchezo, na katika kioo yalikuwa yakipita majina ya waliofanya kazi. Zamani, alisema, alikuwa akibonyeza ili yapite upesi. Safari hii hakubonyeza. Yalipofika majina ya wanamuziki alituonyesha kwa kidole, akasoma moja moja kwa sauti, akikwama hapa na pale katika matamshi. Kisha akasema, "Mjomba, kumbe ni wengi."

Ni wengi. Na wako wengine wengi zaidi ambao hawakuandikwa popote. Hao ndio tunaowadai.